Ya Leo, na ya Kulaza

Lori la Tsofa huja Jumanne, kinyumenyume,
mpaka mlango wa stoo, nyuma ya jiko.
Nina kalamu, nina karatasi ya Sinyora,
nina elfu thelathini na mbili, wala si zaidi,
za divai ya mwezi mzima.
Msimu umekwisha Malindi. Wageni waliobaki
ni wale wanaouliza bei kabla ya kuketi.

Tsofa hunishikisha kwanza chupa nzito,
yenye kitako kilichodidimia ndani
na farasi wa dhahabu kifuani.
Namwambia: Uzito huo ni wa kioo, bwana,
na mgeni hanywi kioo.
Nipe ile nyeupe ya Afrika Kusini, ya kifuniko cha kuzungusha,
unayoificha chini kwa kuwa faida yake ndogo.
Ina ukali wa ndimu, haina makuu,
na mbele ya changu wa kuchoma haiaibiki.
Hiyo ni ya leo. Nipe kasha.

Na nyekundu ya Sisilia, ya mwaka juzi,
inywewe kabla ya Krismasi, tena ipozwe kidogo.
Anayesema nyekundu haipozwi
hajakaa hapa mwezi wa tatu.

Ya kulaza ni nyingine.
Hiyo sasa hukamata ulimi kama bibo bichi.
Ukiinywa leo utaitukana;
ukiivumilia miaka sita, itakuomba radhi.
Alinifundisha Sinyora Ornella: onja, zungusha, tema.
Kutema! Kitu cha elfu tatu, ndani ya ndoo.
Mwaka wa kwanza nilimeza kwa siri,
nikahesabu chupa mara mbili, zikawa tofauti.

Mama yangu, kule Kakoneni, aliuza mnazi.
Hakuwa na stoo.
Mnazi una saa, hauna miaka:
asubuhi mtamu, adhuhuri umeota meno,
magharibi unatafuta ugomvi,
na uliolala alikandia unga wa mahamri.
Siku niliyomwambia kuna watu
wanaolaza pombe miaka kumi gizani,
aliacha kuchuja, akaniangalia.
Akauliza: Inaumwa nini?

Februari, kabla ya kupanda ndege kwenda kwao,
Sinyora alinishika mkono hadi chini ya ngazi.
Chupa kumi na mbili, ubavu kwa ubavu.
Hizi usiuze, Mbodze. Hizi ni za miaka kumi.
Mwenyewe ana themanini na moja.
Nilitaka kucheka, nikamwona hacheki,
anapangusa vumbi kwa kanga yangu.

Juzi alipiga simu Renzo, mwanawe,
aliyekulia hapa na kusema Kiswahili kama sisi.
Mama amelazwa, akasema.
Neno lile lile.
Nikakaa juu ya gunia la vitunguu.
Akauliza habari za paa, za mishahara, za friji;
kisha, kama mtu aliyekumbuka ufunguo:
Chini ya ngazi kuna kitu? Tuuze?
Nikasema: Hazijawa tayari.
Hakuuliza tena. Nilisikia mtambo wa hospitali
ukihesabu kitu, polepole, upande wa pili.

Sasa umeme ukikatika, nalowesha magunia
nazifunika, kama mtoto mwenye homa.
Mama angecheka hadi kanga imwanguke.

Tsofa anajumlisha kwa kidole hewani.
Imebaki elfu moja na mia nane.
Nimemwelekeza kwenye pembe ya lori,
chupa moja ya Piemonte, nembo imechanika,
ndiyo maana amepunguza.
Nembo hainywewi pia.
Naiinua kwenye mwanga wa mlango: shingo imejaa, kizibo kikavu.
Miaka minane, naikadiria. Labda tisa.

Hii ya nani? anauliza, kalamu juu ya risiti.
Andika ya stoo, namwambia.
Andika ya kulaza.
Anaandika. Mwandiko wake mbaya,
unasomeka kama *kulala*.